Al-Biruni na Tone la Maji Lililokwama

Kila mwaka jumuiya yetu inapoandaa wiki ya maonyesho, ukutani hubandikwa picha za wanazuoni wa zamani. Yupo Ibn Sina, yupo al-Khwarizmi, na yupo mzee mmoja mwenye kilemba ambaye chini yake huandikwa tu kwamba alipima dunia. Huyo ni Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ni kweli alipima dunia. Lakini muhula huu nimekaa na habari zake kwa sababu ya somo la historia ya ustaarabu, na kilichonishika si dunia. Ni chombo kidogo chenye shingo nyembamba na mrija pembeni, ambacho alikitengeneza ili ajue kipande cha dhahabu kinasukuma maji kiasi gani. Ndugu zetu wa kemia wanacho ndugu yake katika maabara yao hadi leo. Sisi wa masomo ya Kiislamu tunapita nje ya maabara hiyo kila siku kwenda msikitini, na wengi wetu hatujawahi kuingia.

Al-Biruni alizaliwa tarehe 3 Dhulhija mwaka 362 Hijria, sawa na 4 Septemba 973, katika kiunga cha mji wa Kath, nchi ya Khwarazm, kusini mwa Bahari ya Aral. Leo ni Uzbekistan. Jina lake linatokana na neno la Kiajemi lenye maana ya nje. Yaani mtu wa nje ya mji, mtu wa kiungani. Hakuwa na nasaba ya kujivunia na hakuificha hali hiyo. Aliyemlea kielimu ni Abu Nasr Mansur, mwana wa ukoo uliotawala Kath na mwanahisabati mkubwa. Lugha yake ya nyumbani ilikuwa Kikhwarazm. Kiarabu alikisoma, kama tunavyokisoma sisi, na humo ndimo alimoandika karibu kila kitu. Nalitaja hili kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba elimu ile iliwashukia watu wakiwa usingizini kwa kuwa walikuwa Waarabu.

Alipokuwa na miaka 17 hivi alichukua pete kubwa iliyochorwa nyuzi, kila uzi umegawanywa mara mbili, akapima urefu wa jua la adhuhuri ili apate latitudo ya mji wake. Baadaye, mwaka 997, alikubaliana na Abu al-Wafa aliyekuwa Baghdad kwamba wote wawili watazame kupatwa kwa mwezi usiku mmoja, kila mtu kwao, waandike wakati. Tofauti ilitoka karibu saa moja, na kwa hiyo saa moja wakajua Kath iko mashariki ya Baghdad kwa umbali gani. Ombeni mtu wa Bujumbura na mtu wa Mombasa leo wakubaliane jambo kama hilo bila simu.

Lakini kati ya pete na mwezi kulikuwa na vita. Mwaka 995 mtawala wa Gurganj aliiteka Kath, ukoo wa mwalimu wake ukaanguka, na al-Biruni akakimbia. Alifika Rayy, karibu na Tehran ya leo, akiwa hana kitu. Ameandika mwenyewe kwamba msomi mmoja wa mji ule alimdharau katika mjadala kwa sababu ya ufukara wake, na kwamba hali yake ilipotengemaa, msomi yule yule akawa rafiki. Hoja zilikuwa zile zile.

Rayy ilimpa mambo mawili. La kwanza lilitoka kwa al-Khujandi, ambaye alikuwa amejenga kipimio kikubwa mno cha jua, tao la ukuta lenye nusu kipenyo cha karibu mita 20, lenye tundu juu la kupitisha mwanga. Watu walidhani kipimio kikubwa namna ile hakiwezi kukosea. Al-Khujandi alimweleza kijana al-Biruni kwamba tundu lilikuwa limedidimia karibu shibiri moja kwa uzito wa jengo, na hesabu nzima ikapotoka kwa kiasi hicho. Nadhani hakulisahau. Katika vitabu vyake vyote anakiuliza chombo maswali kabla ya kukiuliza kitu kinachopimwa.

La pili ni kivuli cha mtu aliyekwisha kufa. Rayy ni mji wa Abu Bakr al-Razi, tabibu aliyekufa kizazi kimoja na nusu hivi kabla ya al-Biruni kuzaliwa, na ambaye katika kitabu chake cha siri za ufundi aliorodhesha vyombo vya maabara kama mwenye duka anavyoorodhesha mali: tanuri, mivukuto, vyungu vya kuyeyushia, koleo, chombo cha kukenekea na chupa ya kupokea matone. Ukisoma orodha ile na kisha ukatazama kabati la maabara yoyote ya kemia, utavitambua vingi. Al-Biruni hakukubaliana na al-Razi katika dini, na alilisema hilo wazi. Hata hivyo aliketi akaandika orodha ya vitabu vyake vyote, kimoja kimoja, ili visipotee. Kwetu, mtu akishasikika ana kosa katika itikadi, hata tanuri lake tunaliogopa.

Baada ya Rayy aliishi Gurgan kwa mfalme Qabus, na huko, karibu mwaka 1000, akatoa kitabu kikubwa juu ya kalenda za mataifa. Kisha akarudi Khwarazm, akawa mshauri wa mfalme. Miaka hiyo naipita haraka, kwa sababu mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliivamia Khwarazm, na al-Biruni, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40, akachukuliwa pamoja na wasomi wengine hadi Ghazna, katika Afghanistan ya leo. Alikuwa kitu kati ya mateka na mtumishi wa dola.

Kuna siku moja ya wakati huo ambayo ameiandikia tarehe. Ilikuwa Oktoba 1018, katika kijiji cha Jayfur karibu na Kabul. Alikuwa katika dhiki na hakuwa na chombo hata kimoja cha kupimia. Akachukua ubao wa kufanyia hesabu, akaugeuza nyuma, akachora tao, akaligawa nyuzi, akaning'iniza uzi wenye uzito, akapima jua. Sioni haja ya kuongeza neno hapo, ila kwamba tunaposema hatuna vifaa, na mara nyingi ni kweli hatuna, ni vizuri kujua kwamba kuna mtu aliyepima jua kwa mgongo wa ubao.

Hapo Ghazna ndipo lilipotokea jambo la mwadhini. Al-Biruni alikuwa na kifaa cha kujulisha nyakati za swala, na juu yake ilichorwa miezi ya Kirumi, kwa sababu miezi ile inafuata jua na kivuli hufuata jua. Mwangalizi wa nyakati msikitini akakikataa. Kwake kutumia miezi ya Warumi ilikuwa kujifananisha na makafiri. Al-Biruni akamjibu, kwa maana yake, kwamba Warumi pia wanakula chakula na wanatembea sokoni, basi naye aache kula na kutembea. Jibu ni kali, na sidhani kwamba lilimfanya apendwe msikitini. Lakini tazameni alipokuwa akisimama: hakuwa anatetea Warumi, alikuwa anatetea adhuhuri iingie kwa wakati wake. Swala ndiyo iliyokitaka kifaa. Kitabu chake kingine kizima, cha kupima miji na umbali wake, alikiandika kwa ajili ya kujua kibla cha Ghazna kwa hesabu.

Sasa niende kwenye chombo chenyewe.

Swali lilikuwa la zamani: ukiwa na vitu viwili vya uzito mmoja, kipi kinachukua nafasi ndogo? Dhahabu ni kitu kilichoshikamana, kwa hiyo kipande chake ni kidogo kuliko cha shaba chenye uzito ule ule. Anayejua tofauti hiyo kwa nambari anaweza kumkamata sonara anayechanganya. Kupima nafasi ya kitu chenye umbo la hovyo, kama pete au punje ya yakuti, huwezi kwa rula. Unakizamisha ndani ya maji na kuangalia maji yaliyotoka.

Kusema ni rahisi. Al-Biruni alijaribu, akaona ugumu uko wapi. Chombo chenye mdomo mpana hakifai, kwa sababu maji kidogo yakiongezeka juu ya uso mpana hayaonekani. Akatengeneza chombo cha umbo la koni, kitako kipana na shingo nyembamba, nyembamba kama kidole cha mwisho. Kwenye shingo akatoboa, akaweka mrija uliopinda kuelekea chini, na chini ya mrija akaweka kitanga cha mizani. Unajaza maji mpaka yanafika kwenye mrija na kuacha kudondoka. Unatia dhahabu uliyokwisha kuipima. Maji yanayotoka yanaingia kwenye kitanga, nawe unayapima.

Hapo ndipo tone lilipokwama. Maji hayapendi kuachana na mrija mwembamba. Yananing'inia mdomoni, mengine yanabaki ndani, na kila mara kiasi kinachobaki kinatofautiana. Mtu mwingine angesema tone moja ni nini. Al-Biruni hakusema hivyo. Aliurudia mrija, akaubadilisha umbo, akaufungua uwe kama mfereji badala ya bomba, mpaka maji yakatoka bila kushikwa. Na kabla ya hayo alihakikisha kinachoingia ni safi: dhahabu aliiyeyusha tena na tena, zebaki aliichuja kwa kitambaa. Akaangalia pia maji yenyewe, kwamba ya moto na ya baridi, ya chumvi na matamu, hayana uzito sawa kwa ujazo sawa.

Kwa njia hiyo akapima madini na vito 18. Madini aliyalinganisha na dhahabu, vito akavilinganisha na yakuti ya buluu. Katika jedwali lake, mithqali 100 za dhahabu zinatoa mithqali 5 na robo za maji. Gawanya, utapata 19.05. Kitabu cha kemia cha leo kinasema 19.3. Zebaki yake ni 13.56, na leo ni karibu hiyo hiyo. Risasi 11.32, leo 11.34. Bati 7.32, leo 7.3. Chuma 7.74, leo 7.87. Hizi ni hesabu za mtu aliyekuwa na maji, mizani na subira.

Dada mmoja wa kemia aliniingiza katika maabara yao nikatazame mrithi wa chombo hiki. Wanakiita piknomita. Ni chupa ndogo ya kioo, na kizibo chake kina tundu jembamba kama unywele lililopita katikati. Ukikifunga, maji ya ziada yanapanda kwenye tundu na kutoka juu, unayafuta, na kilichobaki ndani ni ujazo ule ule kila siku. Yaani ni ile shingo nyembamba ya al-Biruni, imefanywa nyembamba zaidi. Kipimajoto kinakaa pembeni, kwa sababu ile ile ya maji ya moto na ya baridi. Mizani yao imefungwa ndani ya kisanduku cha kioo, kwani pumzi ya mtu au upepo wa feni unatosha kuichezesha. Inasoma sehemu ya elfu kumi ya gramu. Alinikataza kushika kijiwe cha mizani kwa vidole, kwa kuwa jasho lina uzito. Nilipenda sana katazo hilo. Lilinikumbusha sura za Qur'ani zinazokemea wanaopunja na zinazoamuru mizani isimamishwe sawa, ambazo sisi tumezihifadhi, na wao wanazitekeleza kwa glavu.

Katika nchi zetu hizi jambo hili si la makumbusho. Dhahabu inatoka Kivu na Ituri, inapita Uganda na Burundi, na pamoja nayo inapita dhahabu ya uongo. Habari za watu waliouziwa shaba iliyopakwa rangi hazikauki Kampala. Kipande cha shaba ya manjano kilichopakwa dhahabu kitasukuma maji zaidi ya mara mbili ya dhahabu halisi yenye uzito ule, na chombo cha al-Biruni kingemuumbua mwenye nacho kabla chai haijapoa. Lakini chombo kina mpaka wake. Tungsteni, madini yanayochimbwa hapa hapa Rwanda, Uganda na Kongo, ina densiti ya karibu 19.3, sawa na dhahabu, na maji hayawezi kuzitenganisha. Madini hayo hayakujulikana duniani hadi karne ya 18. Kwa hiyo maabara ya leo inaongeza mashine ya eksirei inayosoma madini kwa mwanga yanayoutoa. Nayo inaona ngozi ya juu tu, na kipande kilichopakwa dhahabu nene kinaweza kuidanganya. Mwisho wake mchambuzi anakata, anayeyusha kwa moto au kwa mchanganyiko wa tindikali, na kupima upya. Hakuna chombo kimoja kinachojua kila kitu. Al-Khujandi alikwisha kumwambia.

Tabia hii ya kupima aliibeba kila mahali. Waliodai kugeuza shaba kuwa dhahabu hakuwaamini, na aliwacheka waziwazi. Watu wa zama zake walisadiki kwamba nyoka akiona zumaridi macho yake yanapasuka, na wasomi walikuwa wameandika hivyo mmoja baada ya mwingine. Al-Biruni, katika kitabu chake cha vito, anaeleza kwamba alimvisha nyoka mkufu wa zumaridi, akamtandikia zumaridi, akazitikisa mbele yake, kwa muda wa miezi tisa, joto na baridi. Nyoka hakupatwa na kitu, labda aliona vizuri zaidi. Alipotaka kuandika juu ya Wahindi alifanya vivyo hivyo: akajifunza Kisanskriti, akaketi na wanazuoni wao, na katika kitabu alichokikamilisha karibu mwaka 1030 akayaeleza wanayoyaamini kama wao wanavyoyaeleza, huku Sultani aliyemchukua akiwa anavunja mahekalu yao. Natamani tungejadili dini za wenzetu hapa chuoni kwa adabu ile.

Mwana wa Mahmud, Sultani Mas'ud, alimheshimu zaidi. Al-Biruni alimtungia kitabu kikubwa cha falaki, na inasimuliwa kwamba Sultani alimpelekea tembo aliyebebeshwa fedha, naye akairudisha hazina. Kufikia umri wa miaka 63 alikuwa ameorodhesha zaidi ya vitabu 100 vyake. Inasimuliwa pia kwamba mkono wake haukuiacha kalamu ila siku mbili kwa mwaka.

Jedwali la maji limetufikia kwa mkono wa mtu mwingine, al-Khazini wa Merv, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, na ambaye mwaka 1121 aliandika kitabu cha mizani ya hekima. Humo anaeleza chombo cha al-Biruni, na anaeleza mizani ya vitanga vitano iliyobeba mithqali 1000 na kuhisi tofauti ya habba moja. Kabla yake, al-Isfizari alitengeneza mizani ya namna hiyo ya kutambua madini yaliyochanganywa, akaipeleka katika hazina ya Sultani Sanjar. Wanahistoria wanaeleza kwamba mtunza hazina aliogopa wizi wake utajulikana, akaivunja vipande vipande, na al-Isfizari akaugua kwa huzuni hadi akafa. Ndugu zangu mtakaokwenda kufanya kazi katika ofisi za vipimo na forodha, mkumbukeni mtu huyo mkiona mashine mpya imeharibika wiki ya kwanza.

Al-Biruni alifariki Ghazna. Vitabu vinatofautiana kati ya mwaka 1048 na 1050. Habari ya mwisho wake ameihifadhi Yaqut al-Hamawi, kutoka kwa faqihi aliyekwenda kumjulia hali akiwa anakata roho, kifua kimembana. Al-Biruni alipomwona alikumbuka kwamba siku moja faqihi yule alimtajia suala la mirathi, lile la bibi wa upande wa mama wasiorithi, akamwomba alieleze tena. Wenzangu wa darasa la mirathi wanalijua, na wanajua linavyochosha hata mtu mzima wa afya. Faqihi alimwonea huruma, akamuuliza kama hali ile ni ya kuuliza mambo hayo. Al-Biruni akamjibu kwamba ni bora kuiaga dunia akiwa analijua suala hilo kuliko kuiaga akiwa halijui. Basi faqihi akalieleza, na mgonjwa akalirudia mpaka akalihifadhi. Faqihi akaaga akatoka. Alikuwa bado njiani aliposikia kilio nyuma yake.